Hatimaye tumepata kichwa cha kuvuta tela

Ndugu zangu, tumechukua Scania R420 iliyotumika, injini ya silinda 6, nguvu ya farasi 420. Itavuta tela la ekseli tatu, Dar hadi Tunduma.

Kilomita za kwenye dashibodi sikuzipa uzito, zinachezewa sana. Nilimwomba muuzaji asiliwashe gari kabla sijafika, nikashika injini kwa mkono kuhakikisha ni ya baridi. Dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Ilipowaka, fundi alifungua kifuniko cha oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu pale, ujue ringi zimekwisha na gesi inapita pembeni ya pistoni. Hapa ulitoka mvuke mwepesi tu. Maji ya rejeta nayo hayakuwa na utando wa mafuta.

Halafu ile sahani inayobeba tela. Watu wanaisahau jamani, na ndiyo imeshika mzigo wote na roho za watu! Tulifuta grisi yote, tukatafuta nyufa, tukaangalia kama kufuli lake linacheza. Hela sikutoa mpaka tulipofunga tela lenye mzigo na kupanda nalo mlima. Haikuchemsha, na ritada, ile breki ya ziada inayopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu, ikashika vizuri kwenye mteremko. Mlima Kitonga, kwenye njia hiyo, huwezi kuushuka kwa kutegemea breki ya mguu peke yake.

Namba ya chesisi imelingana na kadi, umiliki unabadilishwa TRA wiki hii. Sasa natafuta dereva mtu mzima, mzoefu wa njia hiyo, asiyekimbizana na mabasi. Unayemfahamu, njoo inboksi.