Kasigau, Mlima wa Dirishani

Kwa miaka mingi Kasigau nilikuwa nikiuona dirishani tu. Basi la Mombasa likishaipita Voi, mlima huo hujitokeza upande wa kulia, peke yake katikati ya nyika, kama ng'ombe aliyeachwa na kundi. Ukisinzia kidogo umekupita. Safari hii nilishuka Maungu.

Matatu ya kwenda Rukanga iliacha lami na kuingia kwenye vumbi jekundu. Huku ndiko ndovu hupita wakivuka kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na kinyesi chao barabarani kilitosha kunifanya nisitamani kushuka kuchimba dawa. Kulia na kushoto ni miiba mitupu. Nilijiuliza msitu wenyewe utatoka wapi.

"Mzee, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri," kijana wa kuniongoza aliniambia jioni ile. "Jua likikukuta kwenye mwamba, hufiki."

Kilele kina takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kutoka kijijini unapanda karibu mita elfu moja. Saa mbili za mwanzo sina mengi ya kusimulia: vichaka, mawe, na mimi nikihema. Kisha miti ikaanza kurefuka. Majani yakawa mapana, udongo ukawa mweusi, na hewa ikanigusa usoni kama kitambaa kilicholoweshwa.

Kijana akasimama. "Sikiliza."

Tone. Kisha jingine. Nilitazama juu nikitafuta mvua, lakini mvua haikuwepo. Ulikuwa ukungu. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupita juu ya nyanda hizi kavu bila kumpa mtu kitu, hadi unapokutana na mlima na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na unyevu wake unageuka wingu. Miti hulichana wingu hilo kwa majani yake, na maji yakadondoka mpaka kwenye mizizi. Kila shina lilikuwa na ndevu za kijani, makangaga yameota penye mapanda ya matawi, na okidi zimejishikiza huko juu zisikogusa ardhi kamwe. Nilitia kiganja kwenye gome la mti kikatoka kimelowa.

Kasigau ni kisiwa, ila kimezungukwa na ukame badala ya maji. Uko katika Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia hapa Taita na kuteremka Tanzania hadi Udzungwa. Miamba yake ni ya kale sana, na misitu yake imetengana kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mlima umelea viumbe vyake. Ndege mdogo wa msituni hawezi kuamua tu kuvuka nyika kwenda mlima jirani wa Sagalla. Msitu ukiisha hapa, hana pa kuhamia.

Watu nao waliwahi kuhamishwa, tena kwa nguvu. Ukungu ulipofunguka tuliketi mwambani, nyanda za kuelekea mpaka wa Tanzania zikiwa wazi chini yetu, na ndipo nikaelewa kwa nini majeshi yaliutaka mlima huu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawaondoa na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko. Kabla mwaka haujaisha, Wajerumani walikuwa wameuteka mlima. Kijana alisimulia hayo kwa ufupi, kama mtu anayetaja deni la familia, akainuka.

Kushuka kuliniumiza magoti kuliko kupanda. Njiani tulifuatana na bomba la maji, mara limefichwa na majani, mara limelala juu ya jiwe. Linatoka msituni na kuteremka bila pampu yoyote, maji yakivutwa na mteremko tu hadi vijijini.

Bombani kijijini akina mama walikuwa wamepanga mitungi. Mmoja alikuwa akisuka kiondo cha mkonge huku akingoja zamu, vidole vikienda bila kutazamwa. Aliniona viatu vyangu vilivyojaa tope, kitu kigeni kabisa katika vumbi lile.

"Juu kuna ukungu?" akaniuliza.

"Umejaa, mama."

Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kikasigau maneno ambayo sikuyaelewa, wakacheka, kisha akasogeza mtungi wake mbele.