Usimpe mtu safu ya "Simu 2": kupanga hifadhidata ya mawasiliano

Hifadhidata nyingi za mawasiliano huanza na jedwali moja pana: jina, simu ya kwanza, simu ya pili, barua pepe, kampuni, cheo, anwani, maelezo. Kwa watu thelathini halina ubaya. Ubaya huanza mtu mmoja anapokuwa na namba tatu, au anapofanya kazi sehemu mbili, au kampuni inapohama na anwani ile ile ikabidi isahihishwe kwenye rekodi kumi na nne. Ukisahau rekodi mbili tu, swali moja sasa lina majibu mawili, na ndani ya jedwali hamna kitu cha kukuonyesha lipi ni la kweli.

Safu ya "Simu 2" ndiyo dalili ya kwanza. Ukipigiwa na namba usiyoijua, lazima uitafute kwenye safu mbili, halafu tatu, halafu nne, kwa sababu kila aliyeongeza namba aliongeza safu. Dawa yake ni ya zamani. Imo kwenye mfumo wa kimahusiano (data kukaa kwenye majedwali yanayounganishwa) ambao Edgar F. Codd wa IBM aliuchapisha mwaka 1970: kinachojirudia ndani ya rekodi kitolewe, kipewe jedwali lake.

Anza na wahusika, si na watu

Kosa linalofuata ni kuwa na jedwali la watu na jedwali la kampuni yasiyojuana. Mtu ana simu, kampuni ina simu. Mtu ana anwani, kampuni ina anwani. Ukiyatenganisha, utahitaji majedwali mawili ya simu, au jedwali moja lenye funguo mbili za kigeni (safu zinazoelekeza kwenye rekodi ya jedwali lingine) ambazo moja wapo daima iko tupu. Ni bora kuwe na jedwali mama moja, wahusika, lenye kitambulisho, aina (mtu au taasisi), jina la kuonyesha, na tarehe za kuingizwa na kubadilishwa. Chini yake weka jedwali la watu na jedwali la taasisi, kila moja likitumia kitambulisho kile kile cha mhusika. Simu, anwani na maandishi ya kumbukumbu vyote huelekeza kwa mhusika, bila kujali ni wa aina gani.

Mfanyabiashara anayejitegemea je? Mwandikie rekodi mbili, ya mtu na ya biashara, kisha uziunganishe kwa uhusiano wa umiliki. Inaonekana ni kazi ya ziada mpaka siku biashara inapouzwa.

Kitambulisho kiwe namba isiyo na maana yoyote nje ya hifadhidata. Usitumie simu wala barua pepe kuwa ufunguo wa msingi, yaani safu inayoitambulisha kila rekodi. Namba hubadilika, na kampuni za simu huigawa upya namba iliyoachwa, ikaenda kwa mtu mwingine kabisa. Mume na mke wanaweza kushirikiana barua pepe moja. Namba ya mapokezi ni ya kila mtu aliye ofisini.

Kuhusu majina, kuwa mpole. Safu ya lazima ni moja tu: jina kamili kama mwenyewe anavyoliandika. Ongeza, kwa hiari, jina la kumwitia na jina la kupangia orodha, na cheo cha heshima kama Dkt. kikae pembeni. Ukilazimisha "jina la ukoo", mwenye jina moja ataandikiwa nukta au kistari ili fomu ikubali kupita, na nukta hiyo itachapishwa kwenye barua rasmi. Maandishi yote yawe UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. Wanaotumia programu ya hifadhidata ya MySQL wachague utf8mb4, kwa sababu utf8 ya zamani ya MySQL huishia baiti tatu kwa herufi na haibebi alama zinazohitaji nne.

Namba ya simu si namba

Haifanyiwi hesabu, kwa hiyo ihifadhiwe kama maandishi. Ukiiweka kwenye safu ya namba, sifuri ya mwanzo hupotea na alama ya kujumlisha hupotea. Zaidi ya hapo, namba kamili ya biti 32 huishia 2,147,483,647, kwa hiyo simu ya kimataifa yenye tarakimu kumi na mbili haiingii. Lahajedwali hufanya uharibifu wa namna hiyo kimyakimya: ukifungua faili ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) humo na kuihifadhi tena, namba ndefu inaweza kurudi ikiwa na E+11 mwishoni, na tarakimu zilizoliwa hazirudi. Wakati wa kuingiza data, itangaze safu ya simu kuwa maandishi kabla faili haijafunguka.

Hifadhi thamani mbili. Ya kwanza ni kama ilivyoandikwa na mtu. Ya pili ni iliyosafishwa kwa muundo wa E.164, kiwango cha kimataifa cha namba za simu: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba, jumla isizidi tarakimu 15. Utafutaji na ulinganishaji wote ufanyike kwenye iliyosafishwa. Namba ya ndani ya ofisi, ile unayobonyeza baada ya kuunganishwa, si sehemu ya E.164, ipewe safu yake.

Usijiandikie sheria ya "ondoa sifuri, weka msimbo wa nchi". Nchini Italia simu za mezani hubaki na sifuri yake hata baada ya +39, na sheria yako ingeziharibu zote. Tumia libphonenumber, maktaba ya msimbo wa programu ambayo inajua mipango ya namba ya kila nchi, na uipe nchi ya kudhania kwa kila kundi la data unaloingiza. Bila nchi hiyo, namba inayoanza na sifuri haiwezi kufasiriwa. Iache bila thamani safi, uiwekee alama ya kukaguliwa.

Barua pepe ina urefu usiozidi herufi 254, na sehemu iliyo kabla ya @ haizidi 64. Hifadhi kama ilivyoandikwa, linganisha kwa herufi ndogo. Ukaguzi uwe mwepesi: kuna @, na kuna kitu kila upande. Vichujio vikali hukataa anwani halali zenye alama ya kujumlisha, huku vikipitisha anwani iliyokosewa herufi moja. Kinachothibitisha barua pepe ni ujumbe uliotumwa ukajibiwa, kwa hiyo weka safu ya tarehe ya kuthibitishwa.

Simu, barua pepe na akaunti za ujumbe zinaweza kukaa kwenye jedwali moja la njia za mawasiliano: mhusika, aina, thamani, thamani safi, lebo, ni kuu au la, imethibitishwa lini, imekoma lini. Usizuie namba isijirudie katika jedwali zima, la sivyo namba ya mapokezi itakubaliwa kwa mtu mmoja tu. Zuia isijirudie kwa mhusika yule yule. Na ile kanuni kwamba kila mtu awe na simu kuu moja usiiache mikononi mwa programu. Ikabidhi hifadhidata yenyewe, kwa faharasa (index) isiyoruhusu kujirudia:

CREATE UNIQUE INDEX njia_kuu_moja
ON njia_za_mawasiliano (mhusika_id, aina)
WHERE ni_kuu AND imekoma_lini IS NULL;

PostgreSQL na SQLite zinaielewa amri hii. MySQL haina faharasa za sehemu, yaani zenye sharti la WHERE kama hii. Huko, tengeneza safu ya kukokotolewa inayokuwa NULL (tupu) pale njia isipokuwa kuu au ikiwa imekoma, kisha uiwekee kizuizi cha kutojirudia pamoja na mhusika na aina. Thamani za NULL hazihesabiwi kuwa zimejirudia.

Cheo ni cha uhusiano

Hapa ndipo miundo mingi mizuri huharibika. Cheo huwekwa kwenye rekodi ya mtu, ilhali mtu hana cheo akiwa peke yake. Anacho akiwa mahali fulani, kwa kipindi fulani. Jedwali la mahusiano liwe na mhusika wa kwanza, mhusika wa pili, aina ya uhusiano, cheo, idara, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mtu akihama kazi hufuti chochote. Unafunga uhusiano wa zamani kwa tarehe, unafungua mpya, na bado unaweza kujua nani alikuwa mhasibu wa kampuni ile mkataba uliposainiwa.

Simu ya kazi na barua pepe ya kazi nazo ni mali ya uhusiano. Kwenye jedwali la njia ongeza safu ya hiari inayoelekeza kwenye uhusiano. Uhusiano ukifungwa, njia zake zote zinapewa tarehe ya kukoma, na simu binafsi ya mtu huyo inabaki ilipo. Nadhani hii ndiyo safu yenye faida kubwa kuliko zote katika muundo huu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha ya binafsi na ya biashara bila kuhitaji hifadhidata mbili. Anayeruhusiwa kuona mawasiliano ya kazi pekee anaonyeshwa njia zenye uhusiano wa kazi, basi.

Uhusiano uandikwe mara moja tu. "Anamwajiri" na "ameajiriwa na" ni rekodi moja inayosomwa pande mbili. Majina ya pande zote mbili yakae kwenye jedwali la aina za mahusiano. Kwa uhusiano usio na mwelekeo, kama ndoa, weka kitambulisho kidogo upande wa kwanza kila wakati, ili usiingizwe mara mbili kinyumenyume.

Anwani ipate jedwali lake, na mhusika aunganishwe nayo kwa jedwali la kiungo lenye tarehe. Msimbo wa posta ni maandishi, kwani baadhi ya nchi huchanganya herufi, na usiwe wa lazima. Nchi iandikwe kwa herufi mbili za ISO 3166-1.

Siku ya kuzaliwa mara nyingi hujulikana bila mwaka. Safu ya tarehe itakulazimisha kubuni mwaka, na 1900 ya kubuni itakuja kumpa mtu umri wa kizee kwenye ripoti. Tumia safu tatu: siku, mwezi, mwaka, na mwaka uruhusiwe kuwa tupu. Hata vCard 4.0 ya mwaka 2011, muundo wa faili za kubadilishana mawasiliano, inakubali tarehe isiyo na mwaka.

Rekodi pacha na rekodi za kufutwa

Simu au barua pepe safi inayolingana ni ushahidi mzito kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja. Jina linalofanana ni ushahidi mwepesi. Hata hivyo usiunganishe bila binadamu kutazama, maana baba na mwana wenye jina moja na simu moja ya nyumbani watageuka mtu mmoja, na kuwatenganisha baadaye ni kazi ya kubahatisha. Kuunganisha kufanyike ndani ya muamala mmoja, ambamo hatua zote hufanikiwa au zote hughairiwa: hamisha njia, anwani na mahusiano, kisha rekodi ya zamani ibaki na safu inayosema imeunganishwa na ipi, ili viungo vya zamani visivunjike.

Alama ya "imefutwa" inafaa kwa makosa ya kawaida. Mtu akidai taarifa zake ziondolewe, haitoshi. Zifutwe kweli, na mpango wako wa nakala rudufu useme zitatoweka humo lini. Lakini ukifuta kila kitu, orodha ya zamani ikiingizwa tena itamrudisha. Hifadhi alama ya namba yake (hash) iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri, na kila uingizaji uipitie kwanza. Bila ufunguo huo alama haifichi kitu, kwa kuwa namba za simu zinazowezekana ni chache kiasi kwamba kompyuta inaweza kuzijaribu zote.

Mwisho, mambo mawili yanayowakwamisha wengi. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON, kwenye kila muunganisho. PostgreSQL huzisimamia, lakini haitengenezi faharasa kwenye safu inayoelekeza. Faharasa za safu ya mhusika kwenye njia, kwenye viungo vya anwani na kwenye pande zote mbili za mahusiano utaziweka mwenyewe.