Jinsi vyoo vya shule yetu vilivyokoma kuwa mahali pa adhabu

Nilipokabidhiwa jukumu la mwalimu wa afya na mazingira katika shule yetu ya kata, mkoani Singida, walimu wenzangu watatu walinipa ushauri mmoja katika wiki ileile, nao ni kwamba vyoo visafishwe na wachelewaji. Aliyefika baada ya kengele, ambaye hakumaliza zoezi la hisabati, aliyechana daftari la mwenzake, wote wapewe fagio na ndoo. Naandika uzoefu huu kwa sababu hadi leo nawasikia walimu wageni wakipewa ushauri huo kana kwamba ni hekima, ilhali mimi niliufuata kwa muhula mzima na nikaona jinsi ulivyotuharibia shule.

Siku ambayo wachelewaji walikuwa ishirini, vyoo vilimwagiwa maji mengi kwa hasira, mlangoni pakabaki tope, na mashimo yakajaa maji bila sababu. Siku ambayo kila mtu aliwahi, hakuna aliyesafisha. Hata hilo lingevumilika. Lililoniumiza zaidi ni kuona kwamba mwanafunzi mwadilifu, anayeheshimu walimu na anayefanya vizuri darasani, aliona kushika brashi ya chooni ni fedheha, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumemfundisha hivyo kila asubuhi mstarini.

Muhula wa pili nilimwomba mkuu wa shule tuondoe kabisa adhabu ya vyoo na badala yake kila mkondo upewe matundu yake ya choo ya kusafisha. Alikubali, na akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwomba: Jumatatu ya kwanza alivua viatu vyake vya ofisini, akavaa buti na glavu, akasafisha tundu la kwanza la upande wa wasichana mbele ya viranja. Kazi yangu ilirahisika sana tangu siku hiyo. Hata hivyo, wiki ya tatu alikuja mzazi mmoja, mzee wa heshima pale kijijini, akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu kakosa nini hata asafishe choo?" Nilimwamkia, nikampa kiti, kisha nikamtembeza hadi vyooni, nikamwonyesha ratiba iliyobandikwa ukutani ambapo jina langu na la mkuu wa shule yalikuwemo pamoja na la mwanawe. Alisoma kimya. Mwezi uliofuata alituletea mafagio sita ya chelewa na reki mbili.

Kabla ya kugawa matundu nilikuwa nimeyahesabu. Mwongozo wa taifa wa huduma ya maji, usafi wa mazingira na usafi binafsi shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa na wasichana zaidi ya 200 na wavulana pungufu kidogo ya hapo, lakini kila upande ulikuwa na matundu sita tu. Namshauri mwalimu yeyote aende kwenye kikao cha bodi ya shule akiwa na hesabu ya namna hiyo badala ya malalamiko, kwa sababu hesabu haina mabishano. Wazazi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao, halmashauri ikatusaidia saruji na mabati, na matundu mengine manne ya wasichana yakajengwa kabla ya mwaka kwisha. Bado hayatoshi, lakini foleni ya mapumziko ya saa nne imepungua.

Kuhusu harufu na nzi, nilipewa ushauri mwingine uliotugharimu. Fundi mmoja alisema vyoo vyetu vinanuka kwa sababu ni vya giza, akatoboa madirisha makubwa upande wa jua. Nzi waliongezeka. Nilipokaa na kufikiri jinsi bomba la hewa, lile linalotoka shimoni hadi juu ya paa, linavyofanya kazi, nikaelewa kosa: upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na nzi walioko shimoni hufuata mwanga, kwa hiyo ndani ya choo pakiwa na kivuli, wao hupanda kuelekea mwanga wa juu ya bomba na kunaswa na wavu. Sisi tulikuwa tumewafungulia mwanga mwingine ndani ya choo, na wavu wa juu ulikuwa umeoza siku nyingi bila yeyote kupanda kuutazama. Tuliziba madirisha tukabakisha nafasi ndogo juu ya mlango, tukafunga wavu mpya ambao bei yake haifiki hata ya daftari kubwa, na wapishi wakaanza kututunzia majivu ya jikoni ili tuyamwage shimoni kila jioni.

Sasa nifike kwenye sabuni, ambayo ilinifundisha mengi kuliko jambo lolote jingine. Sabuni ya maji ya kununua ilikuwa inatumaliza, na kwa kuwa nafundisha kemia, niliamua kidato cha nne watengeneze sabuni ya kusafishia kama sehemu ya mafunzo yao. Tulinunua asidi ya salfoniki (ndiyo kiungo kikuu cha sabuni ya maji) lita moja, slesi ya kuongeza povu, soda eshi (yaani kabonati ya sodiamu), chumvi na manukato, vyote kwa shilingi 40,000 na kidogo. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Mwanafunzi alimimina soda eshi yote kwa mkupuo ndani ya asidi iliyochanganywa na maji, na mimi sikumzuia kwa wakati. Kaboni dioksaidi ikatoka kwa wingi, povu likapanda, likafurika kwenye ndoo na kuenea sakafuni hadi mlangoni mwa maabara. Somo la asidi na kabonati, ambalo nilikuwa nimelifundisha ubaoni kwa miaka mingi, liliwaingia wote siku ile. Tangu hapo soda eshi huyeyushwa kwanza kwenye maji, huongezwa kidogo kidogo ndani ya chombo kikubwa mara mbili ya mchanganyiko, na karatasi ya litmasi hutuambia lini asidi imekwisha. Kwa lita moja ya asidi, robo kilo ya soda eshi haiishi.

Tatizo la pili lilikuwa uzito. Sabuni ilibaki nyepesi, na kwa kuwa wote tunajua kwamba chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito, tuliongeza chumvi. Ikawa nzito kidogo, tukafurahi, tukaongeza tena, na ghafla ikarudi kuwa nyepesi kama maji ya kunawa. Mwanafunzi mmoja alitaka tuongeze chumvi zaidi, na nakiri kwamba nilikubali, ikazidi kuharibika. Usiku nilikaa nikitafakari, na ndipo nikatambua kwamba chumvi hufanya sabuni iwe nzito hadi kiwango fulani tu, na ukikipita kiwango hicho huilegeza. Isitoshe, maji ya kisima chetu kirefu yana chumvi yake mwenyewe, kwa hiyo vipimo vya watu wa maeneo yenye maji baridi havitufai. Sikuimwaga sabuni ile. Asubuhi tulitengeneza nyingine kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, bila chumvi hata punje, kisha tukaichanganya na ile iliyoharibika, nusu kwa nusu. Ikawa nzito mbele ya macho yetu, ikizunguka kwenye mwiko kama uji wa mtama, na darasa zima likapiga makofi. Pipa lile lilitutosha karibu miezi miwili.

Sabuni ya kunawia mikono ilikuwa na shida tofauti, kwani kila mche tuliouweka ulitoweka kabla ya saa sita. Niliambiwa niweke mlinzi, au nichape darasa zima hadi mwizi atajwe. Nilikataa, kwa sababu mtoto anayechukua kipande cha sabuni mara nyingi hukipeleka nyumbani kufulia sare. Jibu lilitoka kwa msichana wa kidato cha pili, mpole, ambaye hata kunyoosha mkono darasani ilikuwa shida. Alisema, "Madam, tuweke maji ya sabuni, siyo sabuni." Tulichukua chupa za maji za lita moja na nusu, tukatia vijiko viwili vya sabuni ya unga katika kila chupa, tukajaza maji, tukatoboa kifuniko kwa sindano ya moto na kuifunga chupa kwa kamba kando ya kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linalomwaga maji ukikanyaga kijiti kilichofungwa kwa kamba. Mwanafunzi akiibinya, hutoka matone machache yanayotosha viganja viwili. Pakiti moja ndogo ya sabuni ya unga hujaza chupa kadhaa, na tangu tuanze hakuna chupa iliyoibwa. Vibuyu chirizi vyenyewe ni madumu ya lita tano yaliyotundikwa kivulini, kwa kuwa yale ya mwanzo yaliyokaa juani yalipasuka, na tundu lake lisizidi unene wa msumari mdogo, la sivyo maji huisha kabla ya foleni.

Kwa wasichana, mwalimu mlezi wao ndiye aliyeongoza. Taulo za kike zilikuwa zinatupwa mashimoni na kuyajaza mapema. Chumba kimoja kiliwekewa komeo la ndani, ndoo yenye mfuniko, maji, sabuni na kipande cha kioo, na nyuma yake mafundi wakajenga tanuri dogo la kuchomea. Nilishangazwa na umuhimu wa lile komeo. Wasichana walituambia kwamba walikuwa wakikaa nyumbani siku hizo kwa kuogopa mlango usiofungika.

Kuna kosa moja ambalo silisahau. Niliweka dawa ya klorini na dawa yenye asidi ya kuondolea ukoga kwenye rafu moja, katika chupa zisizo na maandishi. Jumamosi moja wanafunzi wawili walizichanganya kwenye ndoo wakidhani zitasafisha zaidi, ikatoka gesi, wakaanza kukohoa na macho kuwatiririka machozi. Nilishukuru Mungu kwamba mlango ulikuwa wazi. Tuliwatoa nje, tukawapeleka zahanati, na jioni walikuwa wazima. Siku ileile asidi ilihamia kabati la maabara lenye kufuli. Siku hizi sakafu na vitasa husuguliwa kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini, kisha hupakwa klorini ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, na kuachwa dakika 10. Mashimoni haimwagwi kamwe.

Zamu zetu ni mbili, saa moja asubuhi na mara baada ya mapumziko ya saa nne, kwani choo kilichosafishwa asubuhi tu huwa kimechafuka kabla ya kipindi cha tano. Kiranja wa afya hutia alama kwenye ratiba, nami hupita bila kutangaza siku. Januari hii, shule ilipofunguliwa, nilikuja mapema nikikusudia kuanza kuelekeza upya, nikakuta kidato cha tatu B wamekwisha kujaza chupa za maji ya sabuni, na yule msichana mpole, ambaye sasa ni kiranja wa afya, amesimama mbele ya kidato cha kwanza akiwaonyesha jinsi ya kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi bila kukata kamba.