Saxifraga haivunji mwamba: nilivyoiotesha ndani ya jiwe

Ushauri ulioniudhi kuliko wote kuhusu saxifraga, mmea mdogo wa maua unaoota miambani, majani yake yakijipanga duara, ni huu: "Jina lake lenyewe ni mvunja-mwamba, wewe ichomeke kwenye ufa wowote, itajitafutia njia." Nimeusikia kwa watu watatu tofauti, na wote walianzia kwenye jina. Ni kweli kwamba kwa Kilatini saxum ni mwamba na frangere ni kuvunja. Lakini mizizi ya mmea huu ni myembamba kama nyuzi. Hupita penye upenyo uliokwisha kuwapo, haipasui kitu.

Jiwe linalotajwa kwenye jina hilo, kwa maelezo yenye mashiko zaidi, ni kijiwe cha ugonjwa kinachojitunga kwenye kibofu cha mkojo. Saxifraga granulata huwa na vitunguu vidogo vya mviringo chini ya shina, mfano wa punje, na waganga wa kale wa Ulaya waliamini kuwa umbo la mmea huonyesha ugonjwa unaotibiwa nao: chenye sura ya kijiwe kitavunja kijiwe. Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, alilitumia jina hilo katika orodha yake ya mimea ya mwaka 1753, likabaki. Tiba hiyo usiijaribu, na usiligeuze jina kuwa maelekezo ya upandaji.

Mimi niliyafuata maelekezo hayo. Nilichukua Saxifraga paniculata iliyokomaa, nikaiingiza kwenye ufa wa jiwe gumu jeusi, nikajaza mboji nzuri iliyooza vizuri. Kwa wiki chache ilipendeza sana. Kisha majani ya chini yakawa ya kahawia na laini, na nilipoligusa lile duara la majani likatoka lote mkononi, shingo (pale majani yanapokutana na mizizi) imeoza. Jiwe lile halikuwa na kinyweleo hata kimoja, kwa hiyo ufa ulikuwa kikombe, na mboji ikawa sifongo ndani ya kikombe. Mmea huu hustahimili baridi kali na upepo, lakini shingo yenye unyevu wa kudumu huiua. (Ukiung'oa ukakuta shingo nzima ila mizizi haipo, hiyo si kuoza: tafuta funza weupe wenye kichwa cha kahawia kwenye udongo.)

Kilichofanya kazi ni tufa, jiwe jepesi la chokaa lenye matundu kama mkate. Ukilidondoshea siki linatoa povu. Nililoweka usiku kucha, kisha nikatoboa kwa keekee yenye biti ya sentimita 2.5, kina sentimita 8, tundu likiinamia ndani kwa nyuzi 45 hivi. Zima mtambo wa kugongagonga wa keekee, maana tufa ni laini na litapasuka vipande viwili. Vumbi linalotoka usilimwage.

Usiingize mmea mkubwa. Nilitumia vipandikizi: baada ya maua kunyauka, unakata duara dogo la pembeni likiwa na shina la sentimita 1, unaondoa majani makavu, unalichomeka kwenye mchanga mnene wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki sita hadi nane. Hapo unaiosha mizizi kabisa hadi ibaki mitupu. Hatua hii wengi huiruka kwa huruma, lakini udongo ukiganda kwenye mizizi, mizizi hukaa humo humo na haiingii kwenye jiwe.

Sasa ndiyo kazi ninayoipenda. Lile vumbi lichanganye na mchanga mnene, nusu kwa nusu. Ishushe mizizi tunduni kwa kijiti, umimine mchanganyiko kidogo kidogo huku ukidondosha maji ili ushuke na usiache uwazi. Mzizi unaoning'inia hewani hukauka. Shingo ibaki sawasawa na uso wa jiwe, kisha ikaze kwa vipande vidogo vya tufa. Theluthi ya jiwe ifukie kwenye mchanga unaolowa, maji yapande yenyewe kutoka chini. Kinga jua la mchana kwa mwezi mmoja.

Dalili kwamba umeshika utaiona kwenye ukingo wa majani mapya. Kila jino la jani lina tundu dogo linalotoa maji yenye chokaa, na yakikauka huacha punje nyeupe, zimepangwa kama shanga. Kwangu zinang'oka kwa ukucha. Wageni huzidhani ukungu na kutaka kuzipulizia dawa, waache.

Duara likishatoa maua meupe ya petali tano, lenyewe hufa, na madogo ya pembeni huendelea. Saxifraga longifolia haina hayo ya pembeni, kwa hiyo kusanya mbegu zake mapema. Duara lililokufa usilivute, litakuja na wenzake. Likate kwa mkasi likishakauka kabisa.