Majaji hawa walisoma na nani?

Juzi mpwa wangu wa kitivo cha sheria aliniuliza: “Mjomba, kwani Edward Said, yule aliyewakosoa wasomi wa Magharibi walioandika juu ya Mashariki, alikataza wageni wasisome fiqhi yetu, sheria ya Kiislamu?” Nikamwambia la. Nikakumbuka alasiri moja Mji wa Kale, Mombasa, nilipompelekea Sheikh nakala ya hukumu ya Fatuma binti Mohamed.

Kesi ilihusu wakfu wa familia hapa Kenya, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yaende kwa kizazi cha mwenyewe, ikafika rufaa ya mwisho London, ikachapishwa katika ripoti za 1952. Majaji waliubatilisha wakfu kwa kufuata uamuzi wao wa 1894 uliotoka India: eti fungu la maskini, linalosubiri kizazi kikatike, liko mbali mno. India yenyewe ilikwisha kuuondoa msimamo huo kwa sheria ya 1913.

Sheikh alisoma taratibu, kisha akavuta Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha fiqhi ya madhehebu ya Shafi, mlango wa wakfu. Akaweka kidole: mtu akisema “nimewawakfia wanangu” asiongeze neno, wakfu unasihi kwa kauli iliyo *al-adhhar*, iliyo dhahiri zaidi. Kizazi kikikatika, mali inabaki wakfu na manufaa yanakwenda kwa jamaa wa karibu wa mwenye kuwakifu.

“Hapa Imam amekwambia mawili,” akasema. “Kauli zote mbili, ya kusihi na ya kutosihi, ni za Imam Shafi mwenyewe, na ile ya pili nayo ina nguvu. Ingekuwa dhaifu, angeandika *al-mashhur*. Ungekuwa mvutano wa wanazuoni wa madhehebu yake, angeandika *al-asahh*. Sasa ndio unafungua sharhi, vitabu vinavyoifafanua Minhaj, Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli, uone kwa nini. Majaji hawa walisoma na nani, mwanangu?”

Mahakama za kikoloni zilikuwa na Minhaj ya Kiingereza ya Howard, ya 1914, iliyotolewa kwenye Kifaransa cha Van den Berg kilichochapishwa Batavia, Jakarta ya leo, kuanzia 1882. Ukiisoma bila sharhi wala mwalimu, unaona vifungu vya sheria ya serikali. Mjadala wote unapotea.

Lakini aliyeikosoa vikali kazi ya Van den Berg alikuwa Mholanzi mwenzake, Snouck Hurgronje. Mwaka 1885 aliishi Makka na kukaa na wanazuoni wake. Baadaye akaishauri serikali yake katika vita vya kuwatiisha Waislamu wa Aceh, Sumatra. Huyo alisoma na watu, tena wakubwa. Swali la Sheikh halimtoshi, na mimi sijapata jingine.