Hewa tumboni mwa kichanga: nilivyojifunza kumcheulisha mwanangu

Mwanetu alilishwa kwa chupa tangu juma la kwanza, kwa sababu mama yake alikuwa akitumia dawa ambazo daktari alisema hazifai kwa mama anayenyonyesha. Tuligawana kazi: yeye akashika zamu ya mchana, nami ya usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri. Katika zamu hiyo ndipo nilipokutana na tatizo la hewa tumboni. Watu wengi hulitaja kana kwamba ni jambo dogo, lakini kwa kichanga wa siku 12, asiye na njia ya kueleza maumivu ila kulia, si dogo hata kidogo.

Dalili zilikuwa zilezile kila usiku. Alianza kunyonya kwa pupa, kisha baada ya dakika chache aliiachia chuchu ya chupa, akageuza uso, akakunja ngumi, akavuta magoti hadi tumboni na kujipinda mgongo kama upinde. Nilidhani ameshiba, nikamlaza. Robo saa baadaye aliamka kwa kilio kikali. Basi nilidhani bado ana njaa, nikamrudishia chupa, naye alivuta mafunda matatu manne kwa nguvu na kuikataa tena. Sikujua kwamba mtoto anayelia humeza hewa, na kwamba kila nilipomlisha katikati ya kilio nilikuwa nikizidisha kilekile kilichomliza.

Kumpigapiga mgongo sikuacha. Nilimweka begani nikatembea naye chumbani hata nusu saa nzima, na mara nyingine hakucheua kabisa. Siku tuliyompeleka kliniki kupimwa uzito, nilimweleza muuguzi mateso yetu, nikitarajia anifundishe namna bora ya kupiga mgongo. Badala yake aliniambia, "Baba, mgongo tutaufikia. Kwanza mlishe hapa nikuone."

Haikupita dakika moja akanishika mkono. "Sikiliza," alisema. Nikasikia mlio mdogo, kama wa ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Midomo ya mtoto haikuwa imekizunguka vizuri kitako cha chuchu, na kila ulipotoka mlio ule, hewa iliingia pamoja na maziwa. Kisha akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha: nusu ya chuchu ilikuwa tupu, na juu ya maziwa palikuwa na povu zito, kwa kuwa nilizoea kuitikisa chupa kwa nguvu zangu zote. Nilimwangalia mwanangu nikaona huruma, maana hewa yote niliyohangaika kuitoa usiku kucha nilikuwa nimemwingiza mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo nilibadilisha ulishaji kabla ya kubadilisha kitu kingine. Maziwa ya unga niliendelea kuyachanganya na maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, lakini niliizungusha chupa taratibu badala ya kuitikisa, na muda wa kuipoza kwenye maji baridi ukatosha povu kutulia. Nilimpakata akiwa ameketi nusu, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, nikaiinamisha chupa kiasi cha kuijaza chuchu maziwa bila kuyafanya yamiminike kooni. Chuchu yenyewe niliibadilisha, kwa maana ya zamani ilikuwa na tundu kubwa lililomlazimisha kugugumia.

Jambo la pili lilikuwa kumcheulisha katikati ya mlo, si mwishoni tu. Kila alipomaliza kama mililita 30, au alipopunguza kasi mwenyewe, nilisimamisha chupa. Kwake, mkao uliofaa kuliko yote ulikuwa wa kumketisha pajani: kiganja changu kimoja kikiegemeza kifua chake, vidole vikishikilia taya kwa upole bila kugusa koo, na mwili ukiinama mbele kidogo huku mgongo ukiwa umenyooka. Kunyooka huko ndiko nilikokuwa nikikosea, kwani mtoto akijikunja kama mfuko, hewa haipati njia ya kupanda. Mkono wa pili niliusugulisha mgongoni kutoka chini kwenda juu, nikichanganya na vipigo vyepesi. Mara nyingi nilihisi mabadiliko kabla ya kusikia chochote: kifua kinatulia, ngumi zinafunguka, ndipo mbweu unatoka, pengine na maziwa kidogo kwenye kitambaa, jambo ambalo ni la kawaida.

Dakika tano zikipita bila mbweu, sikuendelea kumsumbua. Nilimlaza chali, nikaichezesha miguu yake kama anayeendesha baiskeli, nikalisugua tumbo kwa mwendo wa mshale wa saa, kisha nikamwinua tena. Mara nyingi kule kubadili mkao tu kulitosha. Hewa iliyokwisha kushuka kwenye utumbo hutokea chini, na hiyo haihitaji mgongo kupigwa.

Si kila kilio kilikuwa cha hewa. Kati ya juma la tano na la saba alilia sana jioni hata baada ya kucheua vizuri, na daktari, baada ya kumpima, alitueleza kwamba vilio vya namna hiyo hufikia kilele karibu na juma la 6 kisha hupungua. Alitukataza kumpa maji kabla ya miezi 6, na akatuagiza tumkimbize hospitali akitapika kijani au damu, tumbo likiwa gumu na limejaa, akikataa kula, au joto likifika nyuzi 38. Usiku mmoja nilipohisi subira yangu inakwisha, nilimlaza chali kitandani mwake, nikasimama nje ya mlango dakika chache nikipumua, kisha nikarudi. Nampongeza kila mzazi anayefanya hivyo, kwa maana kumtikisa kichanga kunaweza kuumiza ubongo wake.

Alipotimiza miezi 4, vituo vya katikati ya mlo vilibaki kimoja. Siku hizi namketisha tu pajani, na kabla sijaugusa mgongo, anacheua mwenyewe na kugeuza kichwa kuitafuta chupa.