Siku moja na futi kamba: kupanga mgahawa wa kahawa Sinza

Nikitaja kazi yangu ya kupanga ndani ya majengo, swali la kwanza huwa ni rangi gani ya ukuta inavuta wateja. Watu wanadhani nalipwa kuchagua mito na kutundika maua. Haya, twende wote Sinza, Dar es Salaam, leo.

Saa 12 asubuhi: chai, daladala, kusimama hadi kituo cha kushukia.

Saa 1:30: Niko ndani ya fremu, chumba cha biashara kitakachokuwa mgahawa. Zamani ilikuwa duka la nguo, mita 5 kwa 9, mlango mmoja mbele, dirisha kubwa linalotazama magharibi. Kabla ya kupima chochote natoka nyuma kutafuta chemba, shimo la kupokea maji machafu. Kaunta haikai panapopendeza, inakaa pale ambapo maji machafu ya sinki yataweza kutoka. Bomba linataka kushuka kama sentimita 2 kila mita. Nikiweka sinki karibu na mlango, ni mita 8 hadi chemba, yaani kushuka sentimita 16. Hapo uvunje sakafu au uinue kaunta kama jukwaa la harusi, na mwenye nyumba kashasema marumaru zake haziguswi. Kwa hiyo kaunta itaegemea ukuta wa kushoto, sinki upande wa nyuma, bomba lipite chini ya makabati.

Saa 2:30: Fundi umeme kafika. Mashine ya kahawa iliyonunuliwa ni ya vichwa viwili vya kutolea kahawa, wati 3,700. Soketi ya kawaida ni ampea 13, ambayo kwa volti 230 haifiki hata wati 3,000. "Dada, si tutumie ekstensheni nzito?" Hapana, kaka. Waya wake peke yake na breka yake peke yake, toka kwenye ubao wa umeme.

Saa 3 mwenye mradi alisema atakuwa hapa. Saa 4:20 ndio anashuka kwenye gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Viti vimekuwa vingapi?"

Hata salamu haijapoa. Ana picha kwenye simu, mgahawa aliouona Dubai, kaunta katikati kama kisiwa na masofa pande zote. Yeye anataka viti 40. Namwonyesha hesabu: fremu nzima ni mita za mraba 45. Kaunta, stoo, choo na njia vinakula 18. Zinabaki 27, nami hutenga moja na nusu kwa kila anayekaa. Viti 18.

"Nimelipa kodi ya mwaka mzima, mwanangu, halafu unaniambia kumi na nane?"

Kubishana na mtu mzima hakufai, basi nikaacha sakafu iseme. Nikachora meza zake zote kwa chaki, nikaazima viti vya plastiki kwa mama ntilie wa jirani, nikamkalisha mzee cha kona, nikamwambia fundi umeme apite na ndoo ya maji kuelekea mlangoni. Akakwama. Mzee akasimama kumpisha, akaketi, akasimama tena. Akatafakari sana, kisha akasema, "Sawa. Hiki kimoja kiondoe."

Kimoja! Tukaendelea hivyo, kiti kwa kiti, kila kimoja na kesi yake, hadi adhana ya adhuhuri.

Aliporudi kutoka msikitini nikamuuliza yeye mwenyewe hunywa wapi kahawa jioni. Magomeni, kwa muuza kahawa wa mtaani. Mnakaaje? "Kwenye mabenchi, tunatazamana." Birika mnaliona? "Si liko pale mbele yetu, na kashata zake." Hapo nikapumua. Yule muuza kahawa kapanga vizuri kuliko picha zote za simuni: anayefika anajua papo hapo wapi pa kuagiza, na akikaa anaona sura za watu, si visogo. Nikapendekeza benchi refu ukuta wa kulia, urefu wa kukalia sentimita 45. Benchi halihitaji nafasi ya kuvutwa nyuma kama kiti, kwa hiyo 18 ikawa 22. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza.

Chakula nimekula saa ngapi sikumbuki, wali ulikuwa umepoa.

Alasiri jua likaingia kama nilivyohofia, likafika hadi katikati ya chumba. Meza za wenye kompyuta zikahamia ndani, dirishani zikabaki stuli za wanaokunywa na kuondoka, na kibaraza cha nje cha kukinga jua kimeingia kwenye bajeti. Mgongo ukaanza kudai. Bado kaunta yenyewe: malipo upande wa mlango, kisha kinu cha kusagia kahawa, mashine, maziwa, na mwisho pa kuchukulia, ili foleni isigongane na waliokwishapewa. Friji ya maziwa chini ya mkono wa barista, yaani mtengeneza kahawa, ageuke tu, asitembee. Nyuma yake njia ya mita moja, wawili wapishane bila kumwagiana.

Nyumbani nimechora upya, macho yanafumba yenyewe. Nikamtumia mzee. Jibu likaja upesi: choo kikiondolewa, si tunapata viti vinne zaidi?

Nimemwandikia kwa adabu kwamba choo hakitoki. Kesho saa 2 seremala anakuja kupima benchi.